Uso wa Gitaa la Mwalimu

Karakana, 4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi ni wazima. Mkaza mjomba wako anasema lazima umekonda. Amejuaje sijui, maana hajakuona miaka minne.

Ndani ya sanduku hili kuna ubao wa uso wa gitaa, vipande viwili vya msonobari nilivyokwisha kuunganisha. Ubao umekauka darini kwetu miaka kumi na saba. Tundu nimelikata. Fito saba za kubandika kwa ndani nimezifunga kwenye gazeti, na gundi ya ngozi iko kwenye kopo. Uichemshe kama nilivyokufundisha: kikombe ndani ya sufuria ya maji, na isitokote.

Unene wa uso sasa ni milimita tatu na nusu. Uupunguze mpaka useme. Kisha ubandike fito, uzichonge, unirudishie kabla ya Machi kwisha.

Gitaa ni la mwalimu wa muziki, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye vidole vifupi. Amenisubiri mwaka na miezi minne. Oktoba mwaka jana aliacha kuuliza limefika wapi, na hilo ndilo linaloninyima raha. Mteja anayeuliza bado ana imani.

Shingo iko tayari, mgongo uko tayari, mbavu nimezikunja. Umebaki uso tu.

Usipige simu. Simu inaingia vumbi la mbao na inanikatiza kazi. Andika.

Mjomba wako

*

19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sanduku limefika zima. Nimelifungua, nimelitazama, nimelifunga.

Nina swali moja. Mikono unayo, vyuma vya kukwangulia unavyo, na ubao ulikuwa juu ya meza yako. Kwa nini umeusafirisha siku mbili kwenye basi uje kwangu?

Kama ni mtihani, mimi nilishafeli. Wewe mwenyewe ulisahihisha. Daktari wa meno alipoleta gitaa lake, uso umebonyea mbele ya daraja la nyuzi kama godoro la zamani, ulinigeukia mbele yake ukasema, "Huyu mkono wake hauna sikio." Nilikuwa nimekufanyia kazi miaka sita. Nilivua aproni, nikaitundika, na wewe ukaendelea kumweleza yule daktari habari za gundi.

Nilipokuwa nakubishia kazini ulipenda kuniambia sikio halipiti kichwa. Haya, kichwa kinataka nini kwa sikio leo?

Huku kazi zipo. Karakana yangu ina mafundi wawili, na hatuna nafasi ya kazi za watu wengine. Nitakurudishia sanduku nikipata wa kumpa.

Na simu nilipiga, mara tatu. Mkaza mjomba alipokea akasema uko kazini. Nilisikia randa ikisimama, kisha nikasikia ukimwuliza, "Nani?" Alikujibu mara mbili.

Msumari
(Kama bado unalikumbuka jina ulilonipa: msumari pekee katika karakana isiyotumia misumari.)

*

Karakana, 27 Februari

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako. Mwandiko wako haujanyooka bado.

Si mtihani. Ni mgawanyo wa kazi. Fundi mwenye kazi nyingi humpa mwenzake sehemu. Nafurahi kusikia una karakana na mafundi wawili. Waonyeshe ubao huo, wajifunze mistari ya mti inavyopaswa kuwa: wima, karibu karibu, kama nywele zilizochanwa.

Usianze kukwangua katikati. Anzia ukingoni upande wa nyuzi nene. Kila baada ya mikwanguo ishirini, ushike kwa vidole viwili juu ya tundu, ugonge kwa kifundo cha kidole hapa na hapa (nimeweka alama ya penseli). Ukisikia sauti ya mlango, endelea. Ukisikia sauti ya ngoma, umepita. Katikati ya mlango na ngoma pana mahali, na mahali hapo unapajua.

Habari za daktari wa meno ni za zamani. Tusizichimbue.

Mwalimu amealikwa kupiga gitaa katika kumbi za miji mitatu, na mmoja ni wako. Safari inaanza Septemba. Kwa hiyo unaona.

Mjomba wako

*

1 Machi

Mwanangu Msumari,

Ni mimi, mkaza mjomba wako. Naandika mjomba akiwa ameenda kununua msasa, kwa hiyo nisamehe mwandiko, mkono mmoja umeshika kalamu na jicho moja liko dirishani.

Amenisomea barua yako. Sehemu ya daktari wa meno alinisomea mara mbili, nikadhani atasema neno. Badala yake aliikunja akaiweka kwenye droo ya patasi, na humo huwa haweki karatasi.

Sasa nisikilize. Mjomba wako hasikii.

Si kwamba ni kiziwi wa kupigiwa kelele. Mimi nikisema naye uso kwa uso ananielewa, na nikimgombeza ananielewa zaidi. Lakini sauti nyembamba zimemtoka. Birika la chai linapiga filimbi pembeni yake mpaka maji yanakauka. Nilidhani ni ubishi wa kawaida, maana nimeishi naye miaka thelathini na mbili na tangu lini alinyanyuka kuipua birika? Kisha siku moja Desemba alinikuta nakunja nguo, akanishika mkono akanipeleka karakana. Aligonga ubao.

"Umelia?" akaniuliza.

"Umelia."

"Umeliaje?"

Mimi najua nini, mwanangu? Nikasema, "Umelia ko."

"Ko ya juu au ko ya chini?"

Nikasema ya juu. Akagonga tena, nikasema labda ya chini. Akakaa kwenye kigoda akatazama mikono yake, mimi nikarudi kwenye nguo zangu.

Mwaka jana magitaa mawili yamerudishwa. Kwa adabu, lakini yamerudishwa. Wateja wanasema yana sauti ya bati. Yeye anawajibu ni hali ya hewa.

Nimemwambia aende kwa daktari, amesema atakwenda akimaliza gitaa la Mwalimu. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua, amesema hakuna aliyekufa kwa masikio. Basi nimemwacha, kenge hasikii mpaka aone damu.

Usimwambie kama nimekuandikia. Na usimrudishie ubao ule hivi hivi. Alivyoupakia kwenye sanduku, aliufunga kwa fulana yake nzuri.

Mkaza mjomba wako

*

14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Sanduku bado liko hapa. Nimeitoa fulana nikaifua.

Kabla hatujaendelea nataka kukwambia jambo. Sina karakana. Sina mafundi wawili. Mama ndiye aliyewaambia watu hivyo, na mimi sikumkanusha kwa sababu nilijua habari zitakufikia, na nilitaka zikufikie, mpaka nikakuandikia mwenyewe.

Nafanya kazi kiwanda cha milango. Nasimama kwenye mashine ya kuranda, ubao unaingia huku unatoka kule, mia moja na themanini kwa zamu. Mlango ukitoka mwembamba upande mmoja hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayegonga mlango kusikiliza mlango. Watu wanagonga ili wafunguliwe. Msimamizi wangu ananiita Fundi kwa dhihaka, maana siku ya kwanza alinikuta nanusa ubao.

Masikio nayaziba kwa pamba na vifuniko saa nane kwa siku. Nikitoka, kila kitu kiko mbali, hata mtu akinisalimu karibu. Kwa hiyo nilipofunga lile sanduku mara ya kwanza, sikulifunga kwa hasira tu. Niliogopa kugonga nisisikie kitu.

Jumapili iliyopita niliutoa uso, nikaushika juu ya tundu kwa vidole viwili, nikagonga. Mlango. Mlango mzito wa mninga. Lakini nyuma yake, mbali kabisa, palikuwa na kingine. Nikagonga tena mpaka jirani akauliza kama kuna mgeni.

Sasa nimekwambia langu. Nakuuliza tena, na safari hii unijibu kama mtu mzima: kwa nini hutaki simu?

Msumari

*

Karakana, 25 Machi

Mpwa wangu,

Sitaki simu kwa sababu kwenye simu watu wote wananong'ona.

Ilianza zamani. Kwanza uzi wa kwanza ulipoteza ncha. Nilidhani ni nyuzi mbovu, nikabadilisha muuzaji. Kisha ubao nikaanza kuuona bubu. Kila ubao. Nilikuwa nakwangua, nagonga, nakwangua, nasubiri ile sauti ya juu ije, haiji, nakwangua tena. Fundi asiyesikia sauti ya juu anafanya kosa moja tu, na analifanya kila mara: anapitiliza.

Nimemaliza hilo. Sasa liko lingine, na hili nimeliandika nikalichana mara nne. Mkaza mjomba wako ameokota vipande, kwa hiyo nadhani analijua.

Gitaa la daktari wa meno. Uso ule uliumaliza wewe siku ya Alhamisi. Ulikuwa na milimita mbili na nusu katikati, mbili na robo ukingoni. Uliandika kwa penseli upande wa ndani, mwandiko wako huo huo usionyooka. Ukaondoka mapema kwenda kumwona mama yako. Mimi nilibaki nikaugonga, nikauona bubu. Nikajisemea huyu mtoto ana haraka, ameacha kazi njiani. Nikachukua chuma nikakwangua. Nilikwangua mpaka penseli yako ikafutika. Niliuacha kwenye milimita mbili kasoro, na bado niliuona bubu. Siku ya pili ulipofika nilikuwa nimekwisha kuubandika kwenye mbavu, hukupata nafasi ya kuushika.

Miezi mitatu baadaye ukabonyea. Daktari alipouweka mezani nilijua papo hapo. Nilijua wakati nafungua mdomo. Nilikugeukia wewe kwa sababu ulikuwa umesimama karibu, na kwa sababu yeye alikuwa akinitazama mimi.

Sina cha kuongeza. Maelezo mengine yote ni mapambo.

Ubao ule ulionao, ukitaka uurudishe, ukitaka utumie kuwashia moto. Ni haki yako. Ila usiache kufanya kazi ya sikio kwa ajili ya maneno yangu. Maneno hayo hayakuwa yako.

Mjomba wako

*

Karakana, 20 Aprili

Mpwa wangu,

Sijapata jibu, na sidai.

Mwalimu alipita jana. Alikaa kwenye kigoda akashika shingo ya gitaa lake, ile isiyo na mwili, akaweka vidole kama anapiga. Akaniuliza mwili uko wapi. Nikamwambia uso uko kwa fundi mwenzangu. Akauliza fundi huyo ni mzuri? Nikasema ni mzuri kunishinda. Akauliza atamaliza lini? Nikasema hilo siwezi kumwahidi, kwa sababu fundi huyo nilimkosea.

Akasema, "Basi na mimi nitasubiri pamoja na wewe."

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Ameniweka kwenye kichumba akanipa kitufe, akasema, "Kila ukisikia mlio, bonyeza." Nilikaa mule nikiwa nimeshika kitufe, nikadhani bado hajaanza. Kumbe alikwisha kumaliza.

Nimepewa kifaa cha kuvaa. Kinanisaidia kwa maneno. Kwa mbao hakifai, kila kitu kinalia kama kijiko.

Mjomba

*

(Karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku)

30 Mei

Katikati 2.4. Ukingoni, nyuzi nene, 2.2. Ukingoni, nyuzi nyembamba, 2.3.

Fito saba zimebandikwa na kuchongwa. Klempu za kubania niliazima kiwandani. Gundi yako ilikuwa imelala, nilichemsha mpya.

Imechukua Jumapili saba. Siwezi kusikia Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi masikio yanapoa.

Usiguse tena. Hata kwa msasa. Bandika kwenye mbavu kama ulivyo.

M.

*

Karakana, 11 Agosti

Mpwa wangu,

Sikugusa.

Nakiri nilishika chuma mara moja. Mkaza mjomba wako alikuwa mlangoni na bakuli, akasema, "Weka chini." Nikaweka chini. Tangu siku ile anakuja kukaa humu na mchele wake wa kuchambua, eti mwanga wa karakana ni mzuri.

Niliubandika uso tarehe sita Juni, siku kavu. Mgongo baada ya wiki. Ubao wa vidole ni mpingo, vyuma vyake kumi na tisa vya kugawa sauti nimevipiga mwenyewe, na hapo sihitaji sikio, rula inatosha. Vanishi nilipaka kwa kitambaa, tabaka nyembamba, wiki tano. Kazi hizi zote mikono yangu bado inazijua. Nilizifanya bila haraka na, nikwambie kweli, kwa raha. Sikuwa na raha hiyo kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kutojiuliza kama uso uko sawa. Nilijua uko sawa, kwa sababu si mimi niliyeufanya.

Kwenye karatasi ya ndani, ile inayoonekana ukichungulia tundu, nimeandika majina mawili. Lako nimeliandika kwanza. Kama hupendi, umechelewa, gundi imekauka.

Nilikualika kwa barua ya Julai uje siku ya kufunga nyuzi. Hukujibu, tukafunga bila wewe. Mwalimu alikuja saa nne asubuhi. Alifunga nyuzi mwenyewe, akavuta kiti kuelekea dirishani, akaanza.

Mimi nilisikia nusu. Nyuzi nene nilizisikia, tena vizuri. Nyembamba zilikuwa kama mtu anayesema nyuma ya kioo: unaona mdomo tu. Kwa hiyo nilimtazama. Mwanzo alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, kama mtu anayetembea nyumba ngeni. Baada ya dakika chache aliacha kuutazama. Kisha aliacha kututazama na sisi. Mkaza mjomba wako alisahau mchele mapajani, ukamwagika wote.

Alipomaliza aliuliza, "Msumari ni nani?"

Nikamwambia ni mpwa wangu.

"Mwambie nimepokea," akasema.

Nimekwambia.

Mjomba

*

28 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nilikwenda kumsikiliza Mwalimu alipofika huku. Ilikuwa Jumapili saa kumi alasiri, bahati yangu. Ukumbi una viti kama mia mbili na sakafu ya mbao. Nilikaa safu ya mwisho, sikumsalimia. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia mapajani. Aliniona nahesabu kwa vidole akaninong'oneza, "Wewe ni ndugu yake?" Nikamwambia hapana, mimi ni ndugu wa gitaa. Akasogea kidogo.

Sasa nakuandikia lilivyolia, kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia sawasawa. Wateja watakwambia ni zuri. Zuri si habari.

Nyuzi nene umezisikia, sitazirudia. Uzi wa nne, ukiachwa wazi, unakaa hewani muda mrefu. Nilihesabu sita kabla haujazama. Wa tatu, ule unaotusumbua siku zote, safari hii hausumbui. Una sauti ya mtu anayeongea baada ya kula, hana haraka, hana njaa.

Wa pili ni laini. Mwalimu akiupiga karibu na tundu unakuwa mnene, akiupiga karibu na daraja unakuwa mkavu, na vyote viwili vinafika mpaka safu ya mwisho. Nilifumba macho nikavitofautisha bila shida.

Wa kwanza ndio uliokupotea, kwa hiyo soma polepole. Hauna bati. Hauna makali yale yanayowafanya watu wakunje uso bila kujua. Ni mwembamba, lakini una nyama. Alipiga kipande kimoja cha taratibu ambapo uzi huo unabaki peke yake, nyingine zote zimenyamaza, na watu mia mbili hawakukohoa. Mzee wa kofia aliacha kupumua, nilimsikia akiacha.

Lina kosa moja. Ukipanda juu, kwenye chuma cha tisa, uzi wa kwanza unafifia kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ni ufito wa tatu, niliuacha mnene. Kosa hilo ni langu, na naomba liandikwe kwa jina langu, maana nililifanya kweli.

Kuhusu gitaa la daktari wa meno, sijamaliza. Barua yako ya Machi ninayo, huwa naisoma, siku nyingine naiweka chini bila kuimaliza. Nikimaliza nitakuandikia. Kama sitamaliza, nitakuandikia pia.

Kiwandani bado nipo. Msimamizi amenihamisha kutoka kwenye mashine kwenda chumba cha kukagua. Ni kimya humo, nakagua milango kwa kuigonga. Wenzangu wanacheka. Lakini wiki iliyopita nilirudisha kumi na moja, na yote ilipopasuliwa ilikuwa na ufa kwa ndani.

Kama una uso mwingine darini, nitumie. Ila nitumie kabla hujakata tundu. Hili ulilolikata limekaa nusu milimita kushoto; nilipima mara tatu. Hilo si la sikio, Mjomba, hilo ni la macho. Mwambie mkaza mjomba akupeleke ukapimwe.

Msumari